Nobu Iliyozunguka Bure

Mpaka leo nikipita njia ile ya kutoka madrasa kwenda kwangu naona haya upya. Mzee mzima, meno yamekwisha kinywani, natembea nimeinamisha uso kama mwali. Wengi wa waliokuwa barazani siku ile wamekwishatangulia mbele ya haki. Aibu yangu mimi imebaki, na afya yake nzuri tu.

Nilikuwa fundi wa spika wa Bagamoyo. Sisemi mmoja wa mafundi, nasema fundi. Miaka ile ya sabini, ukitaka harusi yako isikike, ukitaka maulidi, hitima, au kuna mkubwa anakuja kuhutubia kutoka Dar es Salaam, ulikuja kupiga hodi kwangu. Ufundi niliupata Dar kabla ya Uhuru, katika duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akitengeneza redio. Niliporudi nyumbani wazee wa msikiti wetu walikuwa wamechangishana wakanunua vyombo: mikisa moja, yaani mashine ya kukuza sauti, yenye nobu nne za kuzungusha, maiki mbili, spika mbili za pembe, waya za kutosha, na betri ya lori ya kuviendesha. Vyombo vilikuwa mali ya jamaa wote, lakini vilikaa chini ya kitanda changu, na mkono uliovigusa ulikuwa wangu peke yangu. Nimekwenda navyo Mapinga, Miono, Fukayosi, juu ya malori ya mkaa, nimeikumbatia ile mikisa kifuani kuliko nilivyowahi kumkumbatia mtoto. Mke wangu alikuwa akisema hivyo.

Watu hudhani kazi ya spika ni kuwasha. Kuwasha hata mbuzi anawasha akikanyaga swichi. Kazi ni kujua kiasi. Maiki inatoa sauti ndogo mno, mikisa inaikuza, spika inaitupa mitaa mitatu. Ukifungua mno, sauti ya spika inarudi kwenye maiki, inakuzwa tena, inarudi tena, na hapo ndipo unapigwa ule mluzi unaowafanya akina mama waachie masinia. Ukifungua kidogo, walioketi nje kwenye maturubai wanaanza mazungumzo yao ya bei ya nazi. Mimi nilikuwa na kiasi changu. Niliweka alama kwenye nobu ya kwanza kwa rangi ya kucha ya binti yangu, tone moja jekundu, na pale ndipo palipokuwa nusu. Nusu yangu ilikuwa inatosha shughuli yoyote.

Na nilikuwa na jambo moja ambalo hakunifundisha mtu. Macho yangu hayakukaa kwenye mashine, yalikaa kwenye koo la msomaji. Mzee akikatisha pumzi, akipeleka mkono kwenye leso, mimi nimeshaishusha nobu. Akikohoa anakohoa na wale walio naye mkekani, walio nje hawajui. Bwana harusi akikwama mbele ya kadhi, mtu akicheua baada ya pilau, mabibi wawili wakianza kuambiana maneno makali karibu na maiki, yote hayo yaliishia kwenye vidole vyangu. Nilikuwa nawasitiri watu. Wazee waliniheshimu kwa hilo zaidi ya walivyoniheshimu kwa sauti yenyewe, na wallahi nami nilijiheshimu kwa hilo.

Sasa masikio. Siwezi kusema yalianza lini. Miaka mingi nilisimama chini ya zile pembe, kwa sababu nilitaka kusikia wanachosikia watu. Kwanza zilipotea kengele za baiskeli. Siku moja baiskeli ilinipitia ubavuni nusura iniangushe, mwenyewe akageuka ananitolea maneno, nami nikawaambia watu dukani kwamba vijana wa siku hizi wana kiburi, hawapigi tena kengele. Watu dukani wakatazamana. Kumbe kengele ilipigwa mpaka imechoka.

Halafu zikapotea sauti za wanawake, si zote, zile nyembamba. Mke wangu akaanza kunigusa bega mtu akinipa salamu. Hatukuzungumza jambo hilo. Ananigusa, namtafuta mtu kwa macho, naitika marahaba, maisha yanakwenda. Nilimwacha anisaidie namna hiyo bila kumshukuru, maana kumshukuru kungekuwa kukiri.

Aibu ya kwanza kubwa nilipewa Fukayosi, kwenye harusi. Niliona watu wameziba masikio, hata bibi harusi mwenyewe, mikono na hina yake yote, ameziba. Mimi nikatabasamu. Nikawaza, hawa wa bara hawajazoea spika. Nikaongeza kidogo ili wazoee. Mpaka alipokuja mwenyeji akanishika kifundo cha mkono, ndipo nikajua kwamba spika zilikuwa zinapiga mluzi muda wote ule, mluzi mwembamba wa juu, na mimi niliyekuwa karibu nao kuliko wote sikuwa na habari. Nilitazama nobu. Ile alama nyekundu ilikuwa imebaki nyuma sana. Sikumbuki niliipita lini. Nusu yangu ilikuwa imehama kidogo kidogo kufuata masikio yangu, kama mtu anayeongeza chumvi kwa sababu ulimi umekufa.

Habari za namna hiyo hazihitaji lori kusafiri. Mwenyekiti wa jamaa, ambaye ndiye aliyesimamia mali za msikiti, alikuja kwangu akaketi, akanywa kahawa yangu, akauliza kwa adabu kama vyombo vimeanza kuzeeka. Nikamwambia ndiyo, vinazeeka, kuna waya umelika ndani. Akasema, sawa. Lakini alinitazama masikioni aliposema sawa.

Mwaka ule msomaji wetu mkubwa wa maulidi aliugua, na alipoinuka kitandani wazee wakaingiwa na hofu. Sauti yake ilikuwa nene, ya kifuani. Ilikuwa mojawapo ya sauti chache nilizokuwa bado nazisikia zote, juu na chini. Wakaamua asome maulidi mchana, baada ya Alasiri, na isomwe kwa utulivu ili irekodiwe kwenye tepu, ibaki kwa watoto. Mwenyekiti akaja tena, safari hii hakunywa kahawa. Akaniambia wazi, na namshukuru kwa kuniambia wazi, kwamba tepu ikitoka safi vyombo vitakaa pale vilipo, na ikitoka na makelele jamaa watatafuta mkono mwingine.

Mashine ya kurekodi aliileta mkwe wangu. Alikuwa amemwoa binti yangu wa pekee, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya sauti, ila yake ya Dar es Salaam, ya chumba chenye mazulia ukutani, watu wanavua viatu kama msikitini. Akaomba ruhusa kazini, akaazimwa mashine moja ya tepu za magurudumu, akaja nayo kwenye basi ameipakata mapajani, njia nzima matope, masika yamechachamaa. Alifika suruali imeloa mpaka magotini lakini mashine haina hata tone.

Lazima nimweleze kijana huyu, maana bila kumjua utamlaumu. Alikuwa mtoto wa mji, wa nyumba yenye adabu. Kwetu mkwe hamsahihishi mkwe. Hapandishi sauti mbele yake, haketi kwenye kiti ikiwa mkwewe yuko mkekani, hamwambii "hapana" kama kuna namna nyingine ya kulisema. Yeye haya yote aliyashika kuliko kawaida. Akija kunipa shikamoo anashuka mpaka chini, na sauti yake mbele yangu ilikuwa ndogo, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Nilimpenda kwa hiyo adabu. Na katika ile miaka miwili ya ndoa yao sikuwa nimesikia hata nusu ya aliyoniambia. Nilikuwa naona midomo inakwenda, naitika naam, naam baba, vizuri, na inapokoma natabasamu.

Tukakutana madrasa mapema, sisi wawili tu, kuzifunga mashine zetu pamoja. Kazi hii ina utata wake. Mikisa yangu ilitengenezwa kusukuma spika za pembe, kwa hiyo kinachotoka nyuma yake kina nguvu. Mashine ya tepu inataka kitu chepesi. Ukiziunganisha hivihivi, tepu inalewa, sauti inakwaruza, unasikia mchanga kwenye wali. Mkwe wangu alikuja na kijibati alichokitengeneza mwenyewe, ndani kina vipande vya kupunguza nguvu ya umeme, akakiweka katikati ya mashine hizi mbili. Kisha ni kupima. Kila mashine ina kidirisha chenye mshale. Unaingiza sauti isiyobadilika, unaweka mshale wa mikisa mahali fulani, halafu unaweka wa tepu mahali palepale, unaacha nafasi juu yake kwa ajili ya pale msomaji atakapopandisha. Hapo zinaelewana.

Tulianza kwa sauti yangu mimi, nasoma Fatiha kwenye maiki. Nikaiweka nobu nilipozoea. Mshale wa mashine yake ukaenda ukalala upande mwekundu, haukurudi.

"Mashine yetu hii dhaifu kidogo, baba," akasema. Hilo nililisikia kwa sababu alikuwa ameinama karibu na sikio langu. "Inaona haya. Labda tuanzie kwenye alama yako."

Nikairudisha kwenye tone jekundu, na kwangu mimi ikawa kama maiki imefungwa kabisa. Nikapandisha tena. Akakoroga mambo kwenye kijibati chake, akapunguza upande wake, mshale ukalala tena mwekundu. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, sauti ikiwa chini tepu inavuma. Akasema ni kweli, baba. Na ni kweli kweli, sauti ikiwa chini mno tepu inavuma. Nilikuwa nimesema jambo sahihi mahali pasipo pake, nikajiona mkubwa.

Akatoa kisanduku cha kupimia, kinachotoa sauti za mlio mmoja, nzito, ya wastani, na nyembamba. Akapiga ile nzito, nikaisikia, tukaweka mishale. Akapiga ya wastani, nikaisikia kwa mbali, tukaweka. Kisha akageuza swichi akatulia. Mimi nikatulia namngoja. Yeye ananingoja. Kidole chake kimoja kilikuwa sikioni.

Nikamwambia, "Washa basi."

Akanitazama. Mara moja tu, kisha macho yakaanguka kwenye mkeka. "Samahani, baba," akasema, "swichi ilikuwa haijashika." Akakigonga kile kisanduku, akajifanya kuiwasha swichi upya.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Mishale yote miwili ilikuwa imesimama wima, imetulia tuli, kabla ya kuomba samahani na baada ya kuomba samahani, na mshale hausimami vile kwa hewa tupu. Mluzi ulikuwa umejaa chumba kile kizima. Kijana wa watu alikuwa ameziba sikio kwa ukali wake. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yake nasikia damu yangu tu. Nikashika nobu, nikaizungusha upana wa nywele mbili, nikasema hapo sawa. Akasema sawa, baba. Moto ulinipanda usoni mpaka machozi yakataka kunitoka, nikainama kutafuta kitu chini ya mikisa ambacho hakikuwapo.

Angekuwa rafiki yangu angenicheka, angenitukana, tungemaliza. Angekuwa mwanangu wa kumzaa angemwambia mama yake, na mama yake angeniambia kitandani. Mkwe hana njia. Afanyeje? Basi akafanya alichofanya, nami niliona bila kuelewa. Kabla watu hawajaja alikwenda pale mkekani atakapoketi msomaji, akaweka kijisanduku kidogo kando ya kitako cha maiki, waya mmoja ukaja kwangu na mwingine ukapita chini ya mkeka kwenda upande wake. Nikamuuliza ni cha nini. Akanijibu kwa ishara na maneno, cha kuzuia muungurumo. Akaomba pia spika za pembe zisogezwe mbali na zigeuzwe zielekee barabarani. Mashine yake akaielekeza kwake, mgongo kwangu. Yote nikaitika. Niliona afueni, kusema kweli, maana nilijua kwa umbali ule spika hazitaniumbua kwa mluzi.

Watu wakaja, kanzu nyeupe, ubani, marashi yakarushwa. Mzee msomaji akaketishwa kwenye mto. Na mimi siku ile nilifanya kazi, jamani. Sijawahi kufanya kazi namna ile. Nilikuwa nimeshika nobu kwa vidole vitatu, macho kwenye koo la mzee, nampandisha anapotua, namshusha anapopaa, sipepesi. Niliamini kila ninachokigusa kinakwenda kukaa kwenye tepu kwa ajili ya wajukuu. Mwenyekiti alikuwa ameketi kando yangu makusudi, ananitazama mikono.

Karibu na mwisho mzee akakwama. Niliona pumzi imekatika, leso inapanda, nikaifunga nobu mpaka chini, palepale, kabla hajakohoa mara ya kwanza. Alikohoa kikohozi kibaya, cha mtu aliyetoka kuugua, akatema kwenye leso, akamshika mwenzake goti, nikaona midomo yake inaomba kitu. Wakampa maji. Alipokunywa na kurudisha leso kifuani nikaifungua nobu taratibu, akaendelea. Watu wa nje walidhani ametua tu. Mwenyekiti akanipigapiga paja. Wewe, moyo wangu ulijaa. Nikawaza, masikio yamekwenda, lakini vidole bado ni vyangu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya Alasiri tukakusanyika tena kwenye ukumbi wa madrasa kusikiliza. Mzee msomaji alikuja na fimbo, akaketishwa mbele. Mkwe wangu akaiwasha mashine, magurudumu yakazunguka, na ile sauti nene ikajaa ukumbi. Safi. Hata mimi nilijua ni safi. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa, mmoja analia. Mwenyekiti akanigeukia akaweka mkono kifuani kunipa heshima, nami nikaweka mkono kifuani kumrudishia. Mkwe wangu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mashine, hakumtazama mtu.

Kisha kikaja kikohozi.

Kikaja chote. Kilianza na kwikwi ya koo, kikafumuka, kikaendelea, mate yakatemwa, na baada yake sauti ya mzee wetu, ile ile sauti, sasa nyembamba na ya woga, inamwambia mwenzake: "Maji, nipeni maji, nakufa." Vijana waliokuwa nyuma wakacheka. Hawakukusudia ubaya, ni kicheko cha kushtukizwa tu, lakini kilikuwa kicheko. Mzee aliingoja tepu mpaka ikafika mwisho. Halafu akanigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Fundi," akasema, "siku zote unanisitiri. Jana nilikukosea nini?"

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililonikata kama swali lile. Maana nilimsitiri. Nilikumbuka vidole vyangu, nilikumbuka nobu ilivyogota chini. Kwa muda ambao mtu anameza mate nikaelewa yote: kile kijisanduku kando ya maiki, ule waya uliopita chini ya mkeka, mashine iliyonipa mgongo. Sauti ya mzee iligawanywa kabla haijafika kwangu. Mimi niliachiwa spika za barabarani. Tepu ilikuwa na njia yake, na jana yote mkono wangu ulikuwa unazungusha kitu kisichoshika chochote, huku nikitokwa na jasho, huku mwenyekiti akinipigapiga paja. Mtoto anapewa usukani wa kuchezea namna ile ili asilie.

Nikamtazama mkwe wangu. Alikuwa ameinua kichwa, amekuwa wa rangi ya majivu, midomo imefunguka. Nikaona anataka kusema. Na nikamwahi.

"Mkono ulichelewa, mzee wangu," nikasema. "Uzee. Nisamehe."

Watu wakaniona muungwana. Wengine mpaka leo wakinisimulia habari hii husema nilimkinga mkwe wangu. Sikumkinga mtu. Nilijua kijana akifungua kinywa, swali la pili litakuwa: kwa nini tepu hukuipitisha kwa fundi? Na jibu lake lilikuwa masikioni mwangu. Nilijisitiri mimi, kwa kikohozi cha mzee mgonjwa.

Mzee akasema yamekwisha. Mwenyekiti akasimama, akasema kikohozi ni cha binadamu yeyote, na kwamba tepu imetoka safi, hakuna mluzi, hakuna mkwaruzo, na wale waliokuwa wakinisema waniombe radhi. Akasema vyombo vikae pale vilipo. Watu wakaja kunipa mkono. Kijana mmoja akaomba pale pa kikohozi parudiwe, akakemewa. Mzee msomaji aliondoka mapema, amejishikiza kwa mwenzake, na alipopita mbele yangu aliniombea dua. Ningependa anipige kwa ile fimbo.

Tukatoka, mimi na mkwe wangu, tunaelekea nyumbani. Yeye amebeba mashine, mimi nimebeba waya. Ilikuwa saa ile ambayo kila baraza ina watu, kahawa inazunguka, bao linachezwa. Mwenyekiti naye alikuwa ametutangulia kwa njia ya mkato, ameketi baraza ya jirani yangu. Tunapita tunasalimia. Mkwe wangu anatembea nyuma yangu kidogo, upande wa kushoto, kama ipasavyo.

Nikatupa jicho nikaona midomo yake inakwenda.

Alikuwa anazungumza, na si maneno machache. Alikuwa anasema, anatua, anameza, anasema tena, ametazama chini. Nilijua ni maneno aliyolala nayo. Na yalikuwa yanamtoka kwa ile sauti yake ya heshima, sauti ya kuzungumza na mkwe, na hakuna hata neno moja lililokuwa linanifikia. Midomo ikakoma. Akaniinulia macho, yamejaa maji, ananingoja.

Nilikuwa na naam yangu tayari mdomoni. Ningesema naam baba, vizuri, ningetabasamu, tungeingia ndani tukala. Nilifungua kinywa kuisema ikagoma. Nikaona nikimjibu kijana huyu naam kwa maneno haya, nitakuwa mtu wa namna gani?

Nikasimama katikati ya njia. "Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Sisikii."

Neno lile sikuwahi kulitoa mbele ya mtu, hata mke wangu. Akatazama barazani, akanitazama. Akasema tena, ameongeza kidogo. Nikatikisa kichwa. Akaongeza. Nikamwambia bado. Kijana alisitasita, maana kwetu mtu akimpandishia mkwewe sauti njiani, watu hujua nyumba imevunjika. Wale wa bao walikuwa wameshainua vichwa.

Akaiweka mashine chini, kwenye mchanga, ile mashine aliyoipakata kutoka Dar isiguswe na tone. Akasimama sawasawa, akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Baba, nisamehe! Tepu sikuipitisha kwako! Niliona husikii, nikashindwa kukwambia!"

Bao likasimama. Mwenye kahawa akasimama na birika yake. Mwenyekiti aliinuka nusu, akabaki hivyohivyo, si amekaa si amesimama. Dirisha la nyumbani kwangu likafunguka, nikamwona mke wangu ameshika kitambaa mdomoni, na nyuma yake binti yangu. Vyombo nilivyobakiziwa kwa uongo kule ukumbini vilinitoka palepale njiani, mbele ya watu wazima na watoto, na hakuna aliyehitaji kuniambia.

Mkwe wangu alikuwa analia waziwazi, mikono imening'inia. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini kijana alikuwa ananingoja bado, na safari hii maneno yake yote yalikuwa yamenifika.

"Nimekusikia, baba," nikamwambia.